Jokofu ni Nani?

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Nilikinunua Arua mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa mzee aliyetandika gunia chini karibu na soko akiuza kufuli, betri na magazeti ya zamani ya kufungia vitu. Kilikuwa kimeshuka kwenye lori. Malori ya Kenya yalikuwa yakipita kwetu kwenda Oraba na kuvuka hadi Sudan, na madereva wake, wakikwama mpakani wiki nzima wakingoja karatasi, walisoma chochote chenye herufi, kisha wakakiuza. Kurasa nane za kwanza zilikuwa zimechanwa. Ndiyo maana mpaka leo sijui jina la kitabu wala la aliyekiandika, na nimeacha kutafuta.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado sijaolewa, na nilikuwa na njaa ya kusoma. Lakini kile kitabu kilinitoa jasho. Kiswahili chetu huku West Nile ni cha kambini na sokoni. Hakijali ngeli: mutu iko, mbuzi iko, shida iko. Cha kitabuni kilikuwa cha watu waliozaliwa nacho, kimevaa na kuchana nywele. Nilikisoma kidole kikiwa chini ya mstari, kama watoto wa darasa langu.

Kilihusu tajiri mmoja wa mji usiotajwa. Alinunua vitu mpaka nyumba ikajaa, akawahamishia watoto barazani ili meza zipate nafasi. Aling'oa meno yake yote, mazima, akaweka ya dhahabu. Yakawa hayatafuni, akamwajiri mtu wa kumtafunia nyama. Yule mtu alikuwa akitafuna huku amefungwa uzi shingoni asije akameza. Ukurasa ule ulinitia kichefuchefu, na nilikuwa nacheka. Siku mbili sikugusa nyama. Sikujua kama nampenda mwandishi au namwogopa, ila nilikuwa upande wake. Mpige, nilikuwa namwambia kimoyomoyo. Mpige tena. Maana nami nilikuwa na mtu wangu ambaye kwa muda mrefu nilitamani apigwe.

Karibu na mwisho mji unashika moto. Watu wanakimbia. Tajiri ana mkokoteni mmoja tu, kwa hiyo anatoa mizani ya magunia, anampima mama yake, kisha anapima jokofu. Mama ni mwepesi. Basi anapakia jokofu, "mkia wake wa waya ukiburuzika vumbini," na mama anaachiwa ufunguo ailinde nyumba, ambayo paa lake tayari linawaka. Mama anaupokea kwa mikono miwili na kumshukuru mwanawe kwa kumwamini.

Tatizo ni kwamba sikujua jokofu ni nini. Kwingine kitabuni iliandikwa kwamba jokofu linanguruma usiku kucha, na kwamba tumbo lake ni baridi. Nikafikiri: lina mkia, linanguruma, lina tumbo baridi. Nalijua neno joka. Basi jokofu litakuwa joka fulani la pwani, ambalo matajiri wa huko hufuga kwa kujionyesha. Nililipeleka suala hilo kwa walimu wenzangu wakati wa chai. Mmoja alikubali kuwa ni joka. Mwingine, mwanamume aliyeamini kila jambo duniani ni la wanawake, alisema jokofu ni hawara, ndiyo maana linanguruma usiku. Tulibishana mpaka kengele ikagonga, na mjadala ule ulinipendeza kuliko kitabu.

Aliyetusahihisha ni dereva wa lori. Nilimkuta akila kwenye hoteli ndogo nilikozoea kunywa chai, nikamwonyesha ukurasa. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha akanyoosha kidole nyuma ya kaunta, pale soda zilipokuwa zikipozwa.

"Ile pale, mwalimu. Friji. Jokofu ni friji."

Nilimshukuru, nikalipa chai, nikatoka nje bila kuinywa.

Sasa inabidi niseme habari za nyumbani.

Baba yangu alikuwa dereva jeshini, mtu wa Koboko. Wahindi walipofukuzwa, maduka yao yaligawiwa watu, na yeye akapewa moja Arua. Enzi ile wenye bahati kama hiyo waliitwa mafutamingi. Baba hakuwa mafutamingi wa kwanza wala wa kumi. Yake yalikuwa mafuta kidogo, ya kukaangia yai. Lakini dukani, chumba cha nyuma, wenye duka walikuwa wameacha friji nyeupe yenye mpini wa kung'aa, kwa kuwa wao hawakuruhusiwa kuichukua. Baba aliipenda friji ile kwa namna ambayo mimi, mtoto, niliiona ni ya kawaida. Aliifuta mwenyewe kwa kitambaa. Wageni walipewa maji yake kabla ya kuulizwa habari.

Bibi, mama yake, aliishi nasi na hakuwahi kuyanywa maji yale. Alisema yanamuuma meno, na meno yake yalikuwa matatu.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, Arua yote iliyokuwa na ndugu jeshini ilishika njia, ikikimbia kisasi. Tulikuwa na pikapu moja. Baba na mjomba waliibeba friji, wakailaza kidogo, wakaona hailali vizuri, wakaisimamisha na kuifunga kamba. Mama yangu alikaa mbele na mdogo wangu wa kunyonya. Mimi, mwenye miaka tisa, niliwekwa nyuma na kupewa kazi ya kukamata mlango wa friji, kwa sababu kishikizo chake kilikuwa kimelegea na ungefunguka kwenye mashimo. Mjomba alibana upande wa pili. Nafasi ikawa imekwisha. Bibi alikuwa amesimama barabarani na furushi lake kichwani.

"Mama iko na miguu," Baba alisema. "Friji haina. Atakuja na wale wengine."

Na kweli, njia nzima ilikuwa imejaa watu wanaotembea, na wengi tuliwajua. Bibi hakubisha. Pikapu ikaondoka.

Alifika siku ya tano. Wakati huo tulikuwa ng'ambo ya Oraba, upande wa Sudan, chini ya turubai. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini. Baba alikimbia kumpokea furushi, na bibi akamzuia kwa mkono. Akaitazama friji, iliyokuwa imesimama kwenye nyasi, na umeme haupo maili mia nzima.

"Salimia mama yako kwanza," alimwambia. "Ule mweupe, iko pale."

Watu walicheka. Baada ya siku nyingi za kukimbia, nadhani walihitaji kucheka. Tangu siku hiyo Baba akaitwa mtoto ya friji, na bibi ndiye aliyehakikisha jina halichakai. Baba akimwamkia, anajibiwa akamwamkie mama yake kule. Baba akikohoa, bibi anasema amekohoa baridi ya mama yake. Tulipogundua kwamba panya na mchwa hawawezi kuitoboa, friji ikawa ghala la unga na sukari, na nyumbani kwetu ukiuliza sukari iko wapi, unajibiwa, "Kwa mama." Wadogo zangu waliozaliwa kule walikua wakisema hivyo bila kujua kwamba walikuwa wanarudia tusi.

Bibi alifariki mwaka wa tatu, kwa homa. Miguu yake haikupona kabisa. Tuliporudi Koboko katikati ya miaka ya themanini, friji ilirudi nasi, safari hii juu ya lori la watu. Mara mbili walikuja watu kutaka kuinunua, mmoja akitaka bati lake tu, na Baba akakataa bila hata kuwakaribisha chai. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Nilijiambia: mtu huyu hajajifunza kitu. Amemzika mama, amebaki na friji.

Sikuwahi kumwambia. Kwetu baba haambiwi. Lakini nilipotoka kwenye ile hoteli na kitabu kwapani, nilijua kwamba sasa nimepata mtu wa kumwambia kwa niaba yangu, tena kwa Kiswahili safi.

Likizo ilipofika nikaenda Koboko. Nilikibeba kitabu kile kama fimbo, na sioni sababu ya kuficha.

Nilimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake cha kamba ukumbini, na friji nyuma yake, imefunikwa kitambaa cha maua. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamwingia macho yote mawili. Aliponitazama alitazama kidogo pembeni yangu. Hilo sikuwa nimelitarajia, ingawa mama alikuwa ameniandikia.

"Mwalimu iko nyumbani," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu nilipopata cheti. "Nasikia harufu ya karatasi. Umeleta gazeti?"

"Nimeleta kitabu, Baba. Cha Kiswahili."

Alifurahi. Alikuwa na majivuno na Kiswahili chake cha jeshini, kilichomfundisha kupanga mstari, kuomba petroli na kutukana. Akaniambia nisome.

Nilisoma alasiri nne mfululizo, kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, mama akichambua maharage karibu yetu. Maneno mengine niliyafasiri, mengine niliyaacha yapite. Baba alikuwa msikilizaji mzuri kuliko mimi. Kwenye meno ya dhahabu alijipiga paja. Kwenye yule mtafunaji aliyefungwa uzi hakucheka. Aliniambia nirudie, kisha akasema kwamba jeshini alimwona mtu wa namna hiyo, ila yule hakuwa na uzi. Nilianza kuona kwamba mwandishi alikuwa na wasomaji wawili katika nyumba ile, na kwamba mzuri hakuwa mimi. Ilinikera.

Siku ya nne tukafika kwenye moto. Nilisoma polepole, nikamsoma mama wa tajiri akipandishwa mizani, nikasoma jokofu likipandishwa, mkokoteni, ufunguo, shukrani. Nilisema jokofu, kama lilivyoandikwa. Sikulifasiri.

Baba alitikisa kichwa muda mrefu.

"Huyu mutu ni mbaya sana," alisema. "Ameacha mama yake ndani ya moto." Akafikiri. "Na huyu jokofu ni nani? Bibi yake ndogo?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kufika. Alikuwa ameshamhukumu mtu yule kwa mdomo wake mwenyewe, na nilichobakiza ni neno moja tu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani. Mama aliacha kuchambua maharage. Nikamtazama Baba na macho yake ya maziwa, ameinua kidevu kuelekea mahali alipodhani nipo, anangoja kwa hamu kama mtoto, na neno likanishinda.

"Ni kabati, Baba," nikasema.

"Kabati."

"Ndiyo. Kabati kubwa."

Alipapasa mkono wa kiti chake. Nje mtu alipita na baiskeli akaipiga kengele.

"Kabati iko na waya?" Baba aliuliza.

Nilijifanya natafuta mstari.

"Umesoma mkia. Mkia ya waya, inaburuta chini. Kabati hapana waya, mwalimu."

"Ni friji," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. Baada ya miaka yote ile na maili zote zile, fimbo yangu ilishuka hivyo.

Nilidhani ataniambia nitoke. Mama aliinuka na ungo wake akaenda jikoni, jambo ambalo mpaka leo namshukuru.

"Huyu mutu ya kitabu ni afadhali," Baba alisema mwishowe.

"Afadhali vipi? Umesema mwenyewe ni mbaya."

"Ni mbaya. Lakini yeye alipima. Mutu akipima, anajua vitu iko mbili. Mimi hapana pima. Niliona friji, niliona pikapu, nikasema mama iko na miguu. Ikaisha. Mpaka tunafika Koboko ndiyo nikakumbuka kwamba iko na miguu ya mzee."

"Ungerudi."

"Petroli haikuwa." Akasita. "Hapana. Petroli ilikuwa kidogo. Niliogopa."

Nilikuwa nimeishi na hasira ile miaka kumi na kitu, nikiilisha vizuri, na sasa nilipoitafuta niipandishe sikuiona. Nilichokiona ni barabara ya Koboko siku ile, nami niko juu ya pikapu. Kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu ni kwamba nilifurahi. Sikuwa nimewahi kupanda pikapu kwa safari ndefu. Bibi alipungua barabarani mpaka akawa furushi tu, nami nilimpungia kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye mlango, na upepo ulikuwa mtamu. Nilikuwa na miaka tisa. Neno simama nilikuwa nalijua katika lugha tatu.

Nikamwambia Baba hivyo, kwa maneno hayohayo.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema.

"Nilikuwa nimekaa mahali pake."

"Mimi ndiyo nilikuweka." Alinyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akapata kiwiko changu, akakishika. Baba yangu hakuwa mtu wa kushikana. "Watu wanasema napenda friji. Hata wewe unasema, najua, hapana kataa. Lakini kila siku mutu anasema hapa sukari iko kwa mama, mimi nasikia sauti yake ananitukana. Nikiuza, nani atanitukana kama yeye?"

Nililia. Sitaki kuipamba: nililia kwa sauti, kamasi na yote, mtu mzima mwenye cheti, kwenye mkeka. Yeye hakulia. Alingoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipungue, kisha akaniambia hapo ukumbini mchwa iko mingi, kitabu nisikiache chini.

"Iweke kwa mama."

Nikainua kitambaa cha maua. Ndani mlikuwa na sukari, unga wa muhogo, Kurani yake ambayo hakuweza tena kuisoma, na chupa ya dawa ya macho isiyosaidia. Nikakiweka kitabu juu ya Kurani, nikajionea haya, nikakihamishia kwenye unga. Kufunga ndiko kulikonishangaza. Kishikizo cha mlango ule hakikuwahi kutengenezwa; lazima uusukume kwa goti huku umekamata mpini kwa chini. Miaka mingi sikuwa nimeugusa, kwa sababu ya kiburi, lakini mkono ulikwenda wenyewe mahali pake.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Baba alisema nitoe kitabu kwa mama. Nilidhani anataka tumalize. Zilibaki kurasa sita. Alitaka sura ya moto tena.

"Na leo hapana sema jokofu," aliongeza. "Sema friji. Watu wasikie."

Watu wenyewe walikuwa mama na ndugu zangu wawili. Nikasoma. Mji ukashika moto, mizani ikatolewa, mama akapimwa, friji ikapimwa, nami nilisema friji kila palipoandikwa jokofu, kwa sauti ya darasani. Nilipofika kwenye mkokoteni unaoanza kuondoka, waya ukiburuzika vumbini, sikugeuza ukurasa.

"Na juu ya mkokoteni," nikasoma, "alikaa mtoto wa miaka tisa, amekamata mlango usifunguke, anafurahi."

Baba aliinua kidevu. Ukurasa ule alikuwa ameusikia jana tu, na hakuwa mtu wa kusahau.

"Hiyo iko ndani ya kitabu?" aliuliza.

"Iko, Baba."